Namba iliyosimamisha barua pepe Mwaka Mpya wa 2022

Jumamosi ya tarehe 1 Januari 2022, mwaka ulipokuwa unaingia kwa saa za Greenwich, seva za Microsoft Exchange 2016 na 2019, programu ya kuendeshea barua pepe za ofisi, katika nchi mbalimbali ziliacha kusambaza barua pepe. Dar es Salaam na Nairobi ilikuwa saa tisa usiku, Muscat saa kumi. Hakuna seva iliyozimika wala iliyovamiwa. Diski zilikuwa na nafasi, umeme ulikuwepo, laini za intaneti zilikuwa nzima, na aliyefungua orodha ya huduma za Exchange alizikuta zote zinafanya kazi. Barua zilipokelewa kama siku zote, zikaingia ndani, zikabaki humo humo.

Wengi wetu tunaosimamia seva za barua tunaulizwa swali moja tu na wakubwa wetu: seva iko hewani? Wikiendi ile jibu la kweli lilikuwa "ndiyo", na bado hakuna barua iliyofika. Nakiona kisa hiki kuwa darasa bora la kazi yetu ya kila siku, kwa sababu hakihitaji adui wala uzembe wa mtu aliyeko zamu. Kinahitaji namba moja tu, na foleni ambayo hakuna aliyekuwa anaiangalia.

Barua inapopita

Seva ya mtumaji inapotaka kuleta barua kwako, inapiga hodi kwenye poti 25, mlango wa mtandao wa barua, inajitambulisha, inamtaja mtumaji na mpokeaji, inamwaga maandishi ya barua, kisha inasubiri jibu. Seva yako ikijibu 250, yaani "nimeipokea", basi. Kuanzia hapo barua ni mali yako na dhamana yako, kama karani wa posta aliyekwisha kugonga muhuri. Utaratibu huo umetokana na RFC 821, hati ya kanuni za intaneti ya mwaka 1982, na leo unasimamiwa na RFC 5321 ya mwaka 2008, inayosema wazi kwamba seva iliyokubali barua inabeba jukumu la kuifikisha au kumwarifu mtumaji kwamba imeshindikana. Mtumaji akishapata 250 anaifuta barua kwenye foleni yake. Hana tena cha kurudia.

Ndani ya Exchange, barua iliyokubaliwa inakwenda kwenye huduma ya Transport na kuwekwa katika foleni iitwayo Submission. Hapo inasubiri sehemu ya mfumo inayotambua mpokeaji ni nani, yuko kwenye hifadhidata gani au nje kwa seva gani, na ni sheria zipi za ofisi zinazoihusu. Katika hatua hiyo hiyo ndipo barua inapopekuliwa kama ina programu hasidi. Upekuzi huo umo ndani ya Exchange tangu toleo la 2013, na sehemu inayoufanya inaitwa FIP-FS.

Kuna jambo ambalo watumiaji wengi hawalijui, na hata baadhi ya mafundi hulisahau: kwenye Exchange kila barua inapita Transport. Mtu wa rasilimali watu akimwandikia mhasibu aliyekaa chumba cha pili, kwenye seva ileile na hifadhidata ileile, barua yake inaingia Submission, inapekuliwa, ndipo irudi kwenye kisanduku cha mhasibu. Kwa hiyo upekuzi ulipokwama, hazikukwama barua za nje peke yake. Ofisi nzima ilinyamaza, hata watu waliotenganishwa na ukuta mmoja.

Namba yenyewe

Injini ya upekuzi inapokea saini mpya za virusi, yaani alama za kuvitambua, mara kwa mara kutoka Microsoft. Kila faili la saini lina namba ya toleo, na namba hiyo ilitungwa kwa tarehe: tarakimu 2 za mwaka, 2 za mwezi, 2 za siku, kisha tarakimu 4 za mfululizo wa siku hiyo. Toleo la kwanza la 31 Desemba 2021 kwa mtindo huo lingesomeka 2112310001. La siku inayofuata lilisomeka 2201010001.

Sehemu ya FIP-FS iliyokuwa inasoma namba hiyo ilijaribu kuiweka katika namba kamili ya biti 32 yenye alama ya chanya au hasi. Kikomo cha namba ya aina hiyo ni 2147483647. Kila tarehe inayoanza na 21 inaingia bila shida. Inayoanza na 22 haiingii hata ingekuwa ya siku ya kwanza ya mwaka: 2201010001 inapita kikomo kwa zaidi ya milioni 53. Jaribio la kuibadili likashindikana, injini ikaanguka, na barua iliyokuwa mbele yake ikarudishwa foleni kusubiri kujaribiwa tena. Ikajaribiwa, ikaanguka tena.

Maandishi yaliyobaki kwenye Event Viewer, dirisha la Windows la kumbukumbu za matukio, yalikuwa ya wazi kwa kiwango ambacho hatujakizoea. Tukio namba 5300 kutoka FIPFS lilisema injini ya Microsoft imeshindwa kupakiwa, likaweka kodi 0x80004005, kisha sentensi hii: Can't convert "2201010001" to long. Kwenye Windows, aina ya namba inayoitwa long ina biti 32 hata kama mashine na mfumo wenyewe ni wa biti 64. Kwenye Linux ya biti 64 aina hiyo hiyo ina biti 64. Fundi aliyewahi kuandika programu hata ndogo, akiusoma mstari huo na kukumbuka leo ni tarehe ngapi, alikuwa na jibu lote mkononi. Kama namba hiyo ingehifadhiwa bila alama ya hasi, katika biti zile zile 32, mtindo huo ungefika mwisho wa mwaka 2042.

Namba ilikuja na faili la saini, haikutoka kwenye saa ya seva. Hili ni muhimu kwa uchunguzi. Kurudisha saa ya seva nyuma hadi Desemba kusingesaidia, na kungeleta maafa mengine kwenye Active Directory, orodha ya akaunti za ofisi, ambako tofauti ya saa ya zaidi ya dakika 5 inatosha kuvuruga Kerberos, utaratibu wa kuthibitisha watumiaji. Kuiwasha seva upya hakukusaidia pia, kwa sababu faili lilikuwa limeshashuka na lilikuwa linasomwa upya kila huduma ilipoanza. Waliosalimika ni wale waliozima upekuzi huo tangu siku ya kusakinisha, kwa kuwa walitumia bidhaa nyingine, pamoja na wale ambao seva zao hazikuwa zimevuta saini mpya.

Fundi aliona nini

Dalili ya kwanza karibu kila mahali ilikuwa simu. "Kaka, nimetuma barua tangu asubuhi, mteja anasema hajaona kitu. Mtandao una shida?" Anayepiga hana kosa lolote lililorudi kwenye skrini yake. Outlook imeipeleka barua, na kwenye folda ya zilizotumwa ipo. Ukimwuliza kama amepokea barua yoyote leo, anafikiri kidogo kisha anasema hapana, lakini ni Mwaka Mpya, watu wamepumzika.

Sikukuu ndiyo iliyoficha tatizo. Katika ofisi nyingi za Afrika Mashariki Jumamosi ile na Jumapili iliyofuata hakukuwa na mtu kazini, na ukimya wa kisanduku cha barua ulionekana wa kawaida. Oman ilikuwa tofauti, kwa kuwa huko mapumziko ya wiki ni Ijumaa na Jumamosi. Jumapili ya tarehe 2 watu walikuwa mezani, na fundi wa Muscat alikuwa na siku moja pungufu ya mwenzake wa Mombasa.

Sasa, kutoka kwenye simu ile hadi kwenye mstari wa FIPFS kuna njia fupi na kuna njia ndefu. Njia ndefu ni kuanza na kile kilichokusumbua mara ya mwisho. Kama mwezi uliopita cheti cha TLS, kinacholinda mawasiliano, kiliisha muda, utaanza na vyeti. Kama IP yenu, yaani anwani ya seva mtandaoni, iliwahi kuingia kwenye orodha ya Spamhaus ya watuma barua taka, utakwenda kuitafuta huko. Kama mtoa huduma wenu wa intaneti ana tabia ya kuzuia poti 25, utampigia yeye, siku ya sikukuu. Yote hayo yana mantiki, na yote yangekula saa nzima za siku ile.

Njia fupi inaanza na foleni. Unafungua Exchange Management Shell, dirisha la amri la Exchange, unaandika Get-Queue, na unaangalia safu mbili: jina la foleni na idadi ya barua. Jibu la wapi pa kwenda limo humo.

Barua zikiwa zimerundikana kwenye foleni ya kikoa kimoja cha nje, huku vikoa vingine vinapita, tatizo liko kwa mpokeaji au kwenye njia ya kwenda kwake: DNS yake (inayotafsiri majina ya vikoa kuwa anwani), seva yake, au amekufungia. Vikoa vyote vya nje vikikwama huku barua za ndani zinafika, angalia unavyotoka: ukuta wa moto, DNS unayoitumia, smart host (seva ya nje inayokusambazia barua) kama unayo, au sifa ya IP yako. Foleni ya hifadhidata fulani ya visanduku ikijaa peke yake, nenda kwenye hifadhidata hiyo, huenda imeshuka. Lakini Submission ikijaa na nyingine zote zikabaki na sifuri, ujue barua hazijafika hata hatua ya kujulikana zinakwenda wapi. Zimekwama ndani kwako, kabla ya njia panda. Vyeti, Spamhaus na mtoa huduma wa intaneti vyote vinafutika kwenye orodha ya watuhumiwa kwa mara moja.

Siku ile Submission ilikuwa na barua mamia au maelfu, kutegemea ukubwa wa ofisi, na nyingine zote zilikuwa karibu tupu. Hatua iliyobaki ilikuwa kufungua logi ya Application na kuchuja makosa ya saa za mwisho. Mstari wa 5300 ulikuwa unajirudia humo, pamoja na 1106 unaosema mchakato wa upekuzi umeshindwa kuanza.

Ninaisema kwa mkazo kwa sababu naona inavyopuuzwa: mtu anayejifunza kazi hii afundishwe kusoma foleni kabla ya kufundishwa kutengeneza chochote. Kwenye Postfix, programu nyingine ya seva za barua, amri ni mailq au postqueue -p, kwenye Exim, nyingine tena, ni exim -bp, na fikra ni ile ile. Foleni inakueleza barua imefika wapi katika safari yake, na swali la kwanza la kila hitilafu ya barua ni hilo.

Kuzima upekuzi au kusubiri

Microsoft ilitoa maelezo ndani ya wikiendi ile ile. Kwanza ilieleza kwamba tatizo ni ukaguzi wa namba ya toleo la faili la saini uliofanya injini ianguke, na kwamba si suala la usalama. Njia ya haraka iliyopatikana ilikuwa kuzima au kuuruka upekuzi: ama kuendesha skripti ya Disable-AntimalwareScanning.ps1 na kuiwasha upya huduma ya Transport, ama kutumia amri ya Set-MalwareFilteringServer yenye kigezo cha BypassFiltering, kwenye kila seva. Dakika chache baadaye foleni inaanza kushuka.

Kwa maneno ni rahisi. Kwa msimamizi mwenye dhamana lilikuwa swali zito, na kulielewa inabidi kukumbuka mwaka uliokuwa umeisha usiku ule. Mwezi Machi 2021 Microsoft ilitoa viraka vya dharura vya Exchange kwa mianya iliyojulikana kama ProxyLogon, ambayo ilikuwa tayari inatumiwa na wavamizi kabla viraka havijatoka. Agosti ikaja ProxyShell, mianya mingine ya Exchange. Novemba mtandao wa Emotet, uliovunjwa na polisi wa nchi kadhaa mwezi Januari, ukarudi kutuma viambatisho vyenye sumu kwa barua pepe. Desemba ikawa ya Log4Shell, mwanya katika maktaba ya Java iitwayo Log4j. Fundi aliyefika Januari akiwa amepitia yote hayo anaambiwa: zima kinga, barua zipite.

Na si barua za siku hiyo tu. Ukizima upekuzi huku foleni ina barua elfu kadhaa zilizorundikana, unazifungulia zote kwa pamoja zikiwa hazijapekuliwa, ziingie kwenye visanduku vya watu watakaofungua kompyuta Jumatatu asubuhi na kukuta barua nyingi kuliko kawaida. Mtu mwenye barua themanini ambazo hajazisoma anabofya haraka haraka.

Kwangu jibu linategemea kilicho mbele ya Exchange. Ofisi yenye kichujio kingine mlangoni, kiwe cha wingu au mashine ya ndani yenye programu za kupekua kama Rspamd na ClamAV, barua zake za nje zilikuwa zimeshapekuliwa mara moja kabla ya kufika Submission. Hapo kuzima upekuzi wa ndani kwa siku moja ni hatari ndogo, na kuacha hospitali au kampuni ya usafirishaji bila barua ni hatari kubwa zaidi. Zima, andika saa uliyozima, endelea. Ofisi ambayo FIP-FS ndiyo kinga yake pekee ilikuwa na haki ya kusubiri saa kadhaa, hasa kwa kuwa ilikuwa Jumamosi na watu hawakuwa kazini. Ikibidi kufungua, angalau iwekwe kwanza sheria ya Transport ya kuzuia viambatisho vya aina za hatari, mafaili yanayojiendesha na hati za Word na Excel zenye makro (programu ndogo ndani ya hati), kisha ndipo barua zifunguliwe. Sheria hiyo inachukua muda mfupi kuiandika, na inakata njia ambayo Emotet ilikuwa inaipenda.

Wapo waliosema mfumo ungetengenezwa upitishe barua wenyewe pale injini inaposhindwa. Sikubaliani nao. Injini ya upekuzi ikianguka kwa sababu ya barua fulani iliyotungwa kwa ubaya, mfumo unaopitisha unakuwa umempa mshambuliaji ufunguo. Kushikilia barua ni uamuzi sahihi. Kilichokosekana ni sauti: barua zinaposhikiliwa kwa dakika 15 bila hata moja kupita, mtu aamshwe.

Desemba 33

Marekebisho kamili yalikuwa tayari kabla ya Jumatatu. Microsoft ilitoa skripti ya Reset-ScanEngineVersion.ps1, pamoja na hatua za mkono kwa wanaopenda kuona kinachofanyika. Unasimamisha huduma ya Filtering Management na ya Transport. Unahakikisha mchakato wa updateservice hauendeshwi. Unafuta folda ya injini ya Microsoft iliyo chini ya FIP-FS na mafaili ya metadata yanayoambatana nayo. Unawasha huduma, unaiagiza seva ivute injini upya, kisha unaendesha Get-EngineUpdateInformation kuona namba ya toleo. Hilo linafanywa kwenye kila seva ya Exchange iliyoathirika, moja moja.

Namba iliyotakiwa kuonekana ilikuwa 2112330001. Isome kama tarehe: mwaka 21, mwezi 12, siku ya 33. Hakuna tarehe kama hiyo, na baadhi ya wasimamizi walisita wakidhani wamepewa faili bovu. Microsoft ikathibitisha kwamba ni sahihi: mfululizo haukurudishwa nyuma, umesogezwa mbele kwa namna isiyovuka kikomo, na kazi ya kurekebisha mtindo wenyewe ingefanywa baadaye. Mimi nauheshimu uamuzi huo. Kubadili aina ya namba ndani ya programu kungemaanisha kuijenga upya, kuipima na kuwataka watu wote wasakinishe kiraka kwenye seva zinazobeba barua za kazi, wikiendi ya sikukuu. Kubadili namba kwenye faili la saini kulihitaji seva zivute faili jipya tu. Na kati ya 2112330001 na 2147483647 kulikuwa na nafasi ya zaidi ya milioni 35, ya kutosha kwa muda.

Kusafisha foleni

Barua zilipoanza kutembea kazi haikuisha. Hapa ndipo ninapoona tofauti kati ya msimamizi mzoefu na asiye mzoefu.

Kwanza ni suala la muda. Exchange kwa kawaida inaishikilia barua isiyopita kwa siku 2, kisha inaikatia tamaa na kumrudishia mtumaji. RFC 5321 inashauri angalau siku 4 hadi 5, na Postfix kwa kawaida inasubiri siku 5, lakini Exchange imewekewa 2. Piga hesabu: barua iliyoingia saa tisa usiku wa kuamkia Jumamosi inafika kikomo saa tisa usiku wa kuamkia Jumatatu, kabla hata fundi hajaamka kwenda kazini. Kwa hiyo kabla ya kugusa kitu kingine chochote, hata kabla ya kujua chanzo, jambo la maana lilikuwa kuongeza muda huo kwa Set-TransportService na kigezo cha MessageExpirationTimeout. Weka siku 5 au 7. Inakupa nafasi ya kufikiri.

Pili, iache hifadhidata ya foleni ilipo. Kuna dawa maarufu miongoni mwa mafundi wa Exchange: foleni ikigoma, simamisha Transport, badili jina la folda yenye faili la mail.que, washa tena, na Exchange itatengeneza foleni mpya safi. Ni dawa ya kweli pale faili lenyewe limeharibika. Hapa faili lilikuwa zima na ndimo zilimokuwa barua za watu, ambazo watumaji wake walishapata 250 na kufuta nakala zao. Aliyeitumia dawa hiyo siku ile alipata foleni tupu iliyoanza kujaa upya, huku barua za siku nzima zikiwa kwenye folda ya zamani na sasa zinahitaji kurejeshwa kwa kazi ya ziada.

Tatu, diski. Foleni ikikua na nafasi ya diski ikipungua, Exchange inaanza kujilinda: inapunguza kasi ya kupokea, na mwishowe inawajibu wanaobisha hodi 452 4.3.1, yaani rasilimali hazitoshi. Jibu hilo la muda si baya, kwa kuwa barua inabaki kwa mtumaji na atarudi baadaye. Ubaya ni kama foleni ipo kwenye diski moja na mfumo wenyewe.

Nne, majirani. Seva iliyonyamaza siku nzima kisha ikamwaga maelfu ya barua kwa saa moja inafanana sana na seva iliyotekwa. Wapokeaji wakubwa hupunguza kasi ya IP inayobadilika ghafla namna hiyo, na utaona majibu ya 421, yaani "jaribu baadaye", yakianza kwenye foleni za nje. Yaache. Seva itajaribu tena yenyewe kwa vipindi vyake. Anayebonyeza Retry kila dakika anawathibitishia wapokeaji kile walichoanza kukishuku.

Tano ni watumiaji, na ningewaweka mbele kuliko nilivyowaweka. Watu walipoona barua haijafika, waliituma tena, na tena. Zote zilikuwa salama kwenye foleni na zote zilifika, ankara ileile mara tatu. Ujumbe mfupi wa simu kwa wafanyakazi wote, unaosema barua zimechelewa, hazijapotea, tafadhali usitume upya, ungezuia sehemu kubwa ya usumbufu huo. Taarifa ya namna hiyo haiwezi kutumwa kwa barua pepe. Kila ofisi iwe na kundi la WhatsApp au orodha ya SMS kwa ajili hiyo, imeandaliwa siku ambayo hakuna tatizo.

Kengele iliyokaa foleni moja na barua

Ofisi nyingi zina mfumo wa kuangalia seva, Zabbix au Nagios au PRTG, na katika nyingi mfumo huo unapeleka taarifa zake kwa barua pepe kupitia seva ileile unayoiangalia. Hata kama ungegundua foleni imejaa, onyo lake lingeingia Submission na kukaa nyuma ya barua nyingine zote.

Lakini mara nyingi haukugundua, kwa sababu uliulizwa maswali mengine. Je, poti 25 inajibu? Inajibu. Huduma ya Transport imewashwa? Imewashwa. CPU na diski? Vizuri. Maswali yaliyopaswa kuulizwa ni mawili, na yanawezekana kwa skripti fupi. La kwanza ni idadi ya barua kwenye Submission: kwa ofisi ya wastani mchana wa kazi idadi hiyo hukaa karibu na sifuri, kwa hiyo ikizidi 50 kwa dakika 10 kuna jambo. La pili ni barua ya majaribio: kutoka anwani ya nje, kila baada ya dakika kadhaa, tuma barua yenye saa iliyotumwa kwenye kichwa chake kwenda kisanduku cha ndani, na kisanduku hicho kiijibu nje kiotomatiki. Majibu yasiporudi ndani ya muda uliopangwa, onyo litoke kwa SMS kupitia njia isiyopita kwenye seva yako hata kidogo. Barua hiyo moja inapima DNS, ukuta wa moto, vyeti, upekuzi, foleni na hifadhidata kwa pamoja, ikiwemo hitilafu ambayo hakuna aliyewahi kuiwaza, kama hii ya namba ya tarehe.

Jambo la mwisho ni la wale waliochagua njia ya haraka na kuzima upekuzi. Marekebisho ya injini hayauwashi upekuzi uliozimwa kwa mkono. Ilibidi mtu arudi kwenye kila seva, aendeshe Enable-AntimalwareScanning.ps1 au arudishe BypassFiltering kuwa $false, na kuiwasha upya Transport pale inapohitajika. Shinikizo likiisha na simu zikinyamaza, hatua hiyo husahaulika kirahisi, na seva inaendelea kupitisha barua zisizopekuliwa miezi na miezi bila dalili yoyote, kwa kuwa barua zinafika na watu wameridhika. Kama umerithi Exchange ya ndani kutoka kwa fundi aliyekuwepo Januari 2022, fungua Shell, andika Get-TransportAgent "Malware Agent", na usome kilichoandikwa kwenye Enabled. Kisha endesha Get-MalwareFilteringServer na uangalie BypassFiltering, kwa kila seva uliyonayo.